Briketi zinavunjika, zinatoa moshi, haziwaki: utatuzi wa matatizo kwa watengenezaji wa Mombasa

Briketi, yaani chenga za makaa zilizochanganywa na uji wa wanga na kushindiliwa, ikivunjika, ushauri unaotolewa ni mmoja: ongeza uji. Ikitoa moshi, uji haukutosha, ongeza. Isipowaka, basi mashine ni ndogo, tafuta kubwa. Mimi siafiki. Kasoro nyingi ninazoletewa na watengenezaji, kuanzia Likoni hadi Kisauni, zimeanza kabla sufuria ya uji haijabandikwa. Ni mchanga uliomo ndani ya chenga, na maji yaliyobaki ndani ya briketi. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mchawi, fanya vipimo viwili vifuatavyo. Karibu kila kasoro iliyo hapa chini itakurudisha kwavyo.

Kipimo cha jivu

Chukua chenga zilizokauka, pima gramu 100 kwa mizani ya jikoni, zitie kwenye mkebe mpana wa bati na uuweke juu ya moto mkali, nje ya nyumba. Ziache ziungue wazi, ukizikoroga mara moja moja kwa msumari mrefu, mpaka pasibaki hata punje nyeusi. Pima kilichobaki: gramu zake ndizo asilimia ya jivu. Makaa mazuri ya miti huacha 3 hadi 5 hivi, na ya vifuu vya nazi mara nyingi huacha pungufu ya hapo. Chenga za kufagiwa depo, zile ambazo muuza makaa wa Kongowea anakupa kwa bei ya bure ili asafishe pahali pake, huweza kuacha 20, 30 na zaidi, na sehemu kubwa yake si jivu, ni mchanga. Hesabu ikiwa chini ya 15 mimi huzichukua. Ikipita 25 huziosha au huzikataa.

Kuosha ni kazi ya ndoo. Mimina chenga kidogo kidogo majini, koroga, ngoja dakika moja au mbili, kisha opoa zinazoelea kwa chujio. Makaa ya miti yamejaa vitundu vya hewa, kwa hiyo huelea, mchanga huzama. Usikawie, maana punje ndogo zikilowa sana nazo huenda chini. Na usiyaoshe makaa ya vifuu kwa njia hii: ni mazito, na mengine huzama yakiwa safi kabisa.

Mitambo ya kuosha makaa ya mawe hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Makaa ya mawe yana uzito wa kama mara 1.3 ya maji, na mawe yanayochimbwa pamoja nayo mara 2 na zaidi, kwa hiyo huachana yenyewe kwenye kimiminika kilichopimwa uzito. Lakini vumbi lililo chini ya nusu milimita halisikii uzito. Hilo hutiwa mafuta kidogo na kupulizwa hewa, makaa yakapanda na povu, udongo ukabaki majini.  Sisi wa ndoo hatufiki huko. Vumbi laini kama wanja lililochanganyika na udongo, liache lilipo.

Ukitaka kujua mchanga umeingilia wapi, kamulia ndimu ule uliozama. Ukitoa povu, ni mchanga wa matumbawe, yaani umeingia hapa hapa Mwambao: depo, au uani kwako ulikoanika bila turubai. Usipotoa povu na ukawa mwekundu, huenda ulikuja na gunia kutoka bara. Jivu lenyewe usilijaribu kwa ndimu, kwani nalo mara nyingi hutoa povu na litakudanganya.

Kipimo cha maji

Vunja briketi iliyokauka, pima gramu 200 za vipande, zitie kwenye sufuria ndogo uliyoiweka juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka. Usiweke moja kwa moja motoni, zitashika moto na kipimo kitaharibika. Baada ya saa kadhaa pima, rudisha, pima tena, mpaka uzito uache kushuka. Zikipungua gramu 20, zilikuwa na maji asilimia 10. Hapo ndipo mwisho wa kuuza, zikizidi usiuze. Chini ya 5 usitarajie: hewa ya Mombasa yenyewe ina maji, na briketi huyanywa hata zikiwa ndani ya nyumba.

Zinavunjika au kumeguka mkononi

Iangushe moja kutoka kimo cha kiuno kwenye sakafu ya saruji. Ikivunjika vipande viwili, haina neno. Ikisambaratika, endelea kusoma.

Sababu ya kwanza ni uji usioiva. Wanga wa muhogo huanza kushika kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70. Unga uliomwagiwa maji ya moto tu haufiki huko wote. Ivunje briketi kavu uitazame juani: ukiona vidoa vyeupe, hapo pana unga mbichi. Kipimo changu cha kuanzia kwa kilo 10 za chenga kavu ni nusu kilo ya unga wa muhogo na lita 5 za maji. Unga koroga kwa lita moja ya maji baridi mpaka usiwe na madonge, lita nne zikichemka mimina, endelea kusonga mpaka weupe upotee na uji uanze kung'aa na kuvutika. Changanya ungali moto. Sembe hushika pia, ila hafifu zaidi.

Ya pili ni ukubwa wa punje. Chekeche la milimita 3 latosha, lakini usipeleke punje za ukubwa mmoja tu: kubwa peke yake huacha mianya, na vumbi tupu hunywa uji wote. Mchanganyiko wa punje na vumbi ndio unaoshikana.

Ya tatu ni maji wakati wa kushindilia. Finya konzi moja ya mchanganyiko kwa nguvu. Ukifungua kiganja na donge limesimama bila kudondosha maji, ni sawa. Likimomonyoka, ongeza maji kidogo, sio uji. Likichuruzika, ongeza chenga.

Hayo yote yakiwa sawa na bado zinavunjika, rudi kwenye jivu. Mchanga haushikani na uji vile makaa yanavyoshikana, na hapo ndipo watu huongeza wanga mpaka asilimia 10 na zaidi, wakajiletea moshi na ukungu juu ya hasara ya unga. Wako pia wanaotia udongo wa mfinyanzi. Utashika, kweli, lakini kila kilo ya udongo ni kilo ya kitu kisichowaka, na mteja hatanunua mara ya pili.

Mwisho kabisa ndiyo mashine. Ya mkono inayoshindilia kidogo hutoa briketi nyepesi, lakini si lazima ziwe za kuvunjika. Usinunue mashine mpya kwa sababu ya kasoro hii peke yake.

Zinapasuka zikiwa juani

Karibu kila mara ni haraka. Briketi mbichi ikianikwa jua la utosi juu ya mabati, ngozi hukauka na kusinyaa huku tumbo bado limelowa, na lazima kitu kiachie. Siku ya kwanza zianike kivulini penye upepo, juu ya kichanja ili hewa ipite chini, ndipo uzitoe juani na kuzigeuza. Kama bado zinapasuka, vumbi limezidi au uji umezidi.

Zinatoa moshi

Mama wa mahamri akikwambia, "Mwanangu, makaa yako yaniliza," muulize kwanza: moshi ni wa mwanzo tu, au unaendelea mpaka mwisho? Jibu lake ni nusu ya kazi.

Ukiwa wa mwanzo, mweupe, na unakatika dakika chache baada ya kuwasha, huo kwa kiasi kikubwa ni mvuke. Pima maji. Kama umetumia molasi badala ya wanga, moshi wa mwanzo ni kawaida yake. Molasi tamu kwa bei lakini huungua kwa moshi na harufu ya sukari, na mimi siwauzii nayo wapishi wa ndani.

Moshi unaoendelea, wenye kuwasha macho na harufu ya lami, una sababu moja kuu: malighafi haikugeuka makaa yote. Kwa wanaochoma vifuu hili ndilo tatizo nambari moja. Kivunje kifuu kilichochomwa. Kinatakiwa kiwe cheusi mpaka ndani, kivunjike kwa mlio mkavu. Ukiona hudhurungi katikati, au kinapinda kabla ya kuvunjika, hakijaiva. Uzito nao hukwambia. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa kilo 25 hadi 30 za makaa. Ukipata 40 usishangilie, una kuni ndani. Ukipata 15 na kuna jivu jeupe juu, hewa imeingia na makaa yako yameungua.

Pipa la kuchomea lisizibwe kwa kukisia saa. Utazame moshi. Mwanzo ni mzito na mweupe kwa maji yanayotoka, kisha huingia umanjano, na mwisho huwa mwembamba wa samawati, karibu usionekane. Hapo ndipo unaziba juu na chini kwa udongo mbichi na kuacha lipoe lenyewe mpaka kesho. Makumbi yasichanganywe na vifuu kwenye pipa moja. Makumbi huungua haraka na yatakuwa jivu vifuu vikiwa bado.

Onyo la pipa: mapipa ya mitumba yanayouzwa Shimanzi na Changamwe yamebeba vitu vya kila namna. Pipa ambalo hujui lilibeba nini usilikate kwa gesi wala kwa grainda. Mvuke wa mafuta au thina uliobaki ndani unaweza kulipuka usoni mwa fundi. Nunua lililobeba chakula, au muachie kazi fundi mwenye uzoefu wa kusafisha mapipa.

Hazishiki moto, au zinawaka zikazima

Anza na jiko, sio briketi. Jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo sahani yake imezibwa na majivu ya jana, halitawasha hata makaa ya mkoko. Zibua vitundu, fungua mlango wa chini uelekee upepo. Kisha pima maji. Kisha jivu.

Briketi nzuri nazo ni nzito kuwaka kuliko makaa ya kawaida, kwa sababu zimeshindiliwa na hewa haina pa kupita. Mpe mteja njia: makaa ya kawaida chini, briketi juu, zipangwe kwa mianya. Za duara zenye tundu katikati huwaka upesi zaidi. Muuza mishikaki anayetaka moto wa papo hapo hatazipenda, na hana kosa. Anayechemsha maharagwe au supu ya pweza ndiye mteja wako.

Wako wanaozimwagia mafuta ya taa ili ziwake. Briketi hunyonya mafuta hayo na chakula kitanuka. Na kumwagia mafuta jiko ambalo tayari lina moto ndani ni njia ya kwenda hospitali.

Majivu mengi, au jivu linaganda

Majivu mengi: mchanga. Sina la kuongeza.

Jivu linaloganda na kuziba sahani ya jiko lina hadithi ndefu kidogo, na kwetu Mwambao lina chanzo ambacho watu wa bara hawakijui sana, nacho ni maji ya chumvi. Visima vingi vya kisiwani na pembezoni mwa bahari vina chumvi, na maji matamu hununuliwa kwa mtungi kwenye mkokoteni, kwa hiyo mtu huona uchungu kuyatia kwenye makaa. Lakini chumvi iliyobaki ndani ya briketi hufanya mabaya matatu. Husaidia jivu na mchanga kuyeyuka na kushikana motoni kabla ya wakati wake. Hula bati la jiko. Na huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo briketi uliyoikausha Jumatatu inakuwa imelowa tena Alhamisi bila mvua kunyesha. Onja maji ya kisima. Ukiisikia chumvi ulimini, yatumie kuoshea mikono na vifaa, uji pika kwa maji matamu. Maji ya bahari usiyatumie kamwe, hata kuoshea chenga, isipokuwa utazisuuza tena kwa maji matamu.

Kama maji ni matamu na jivu bado linaganda, tafuta malighafi iliyochanganywa: majani makavu, maganda ya mazao, au mbao zilizopakwa rangi. Mbao za rangi na za dawa zisiingie kabisa kwenye makaa ya kupikia, hata moja.

Zinaota ukungu au zinalainika guniani

Wanga ni chakula, na ukungu unajua hivyo. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, hutaona tatizo hili sana. Ikianza masika, hasa Mei, utaliona kila pahali. Sababu kuu ni kufunga gunia mapema: nje zimekauka, ndani bado. Ivunje moja katikati. Ikiwa katikati ni nyeusi zaidi na baridi kwenye shavu, haijakauka. Sababu ya pili ni uji uliolala. Pika wa leo, utumie leo. Ukinuka uchachu, umwage.

Msimu wa mvua tengeneza briketi nyembamba zaidi, punguza wanga mpaka pale zinaposhikana tu, na anika chini ya turubai angavu lililoinuliwa ili upepo upite. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Zilizoota ukungu juu tu zaweza kuanikwa tena na kuuzwa kwa anayepikia nje. Zilizooza mpaka ndani zisage upya, wala usizikung'ute usoni. Vumbi la ukungu si la kuvuta.

Mashine ya skrubu inakwama, inapata moto, inakula umeme

Zima. Chomoa. Ndipo utazame. Kidole kisiingie kwenye mdomo wa mashine eti swichi imezimwa, maana mwenzako aliye nje hajui.

Mara nyingi mchanganyiko ni mkavu mno. Jaribu konzi tena. Kisha msumari au jiwe: pitisha sumaku juu ya chenga kabla ya kuchekecha, utashangaa unavyotoa. Kisha mkanda uliolegea. Baada ya hayo ndio ulaji wa skrubu, yaani kuliwa kwa kile chuma cha mzunguko kinachosukuma mchanganyiko mdomoni. Mchanga ni msasa wa kusagia chuma, na kinacholiwa kwanza ni ncha iliyo karibu na mdomo. Ukiona briketi zinatoka laini na polepole ingawa mchanganyiko haukubadilika, ifungue skrubu, pima ncha yake na sehemu ya nyuma ambayo haijaliwa. Mchomeleaji mzuri anaweza kuijaza kwa elektrodi ngumu na kuisawazisha. Lakini ikijazwa bila kusawazishwa itayumba na kuua beringi. Kama unabadilisha skrubu mara kwa mara, hesabu gharama ya kuosha chenga. Huenda ni nafuu.

Hapa ndipo pa kusimama: ukipigwa na umeme hata kidogo unapogusa mwili wa mashine, mota ikinuka kuungua, au swichi kuu ikikatika mara kwa mara. Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mashine inayofanya kazi kwenye sakafu yenye maji, bila waya wa ardhini, ni ya kuua.

Rundo au gunia linapata joto lenyewe

Hii ndiyo kasoro pekee kwenye orodha hii inayoweza kuchoma nyumba, na hutokea bila moto wowote kuonekana. Makaa mapya hunywa oksijeni ya hewa na kutoa joto. Yakiwa yametandazwa, joto hupotea; yakijazwa guniani au kwenye lundo kubwa, hujikusanya mpaka yakashika. Vumbi ndilo baya zaidi. Ndiyo maana sheria za kimataifa za usafirishaji baharini zinayaweka makaa kwenye kundi la bidhaa zinazoweza kujipasha moto, na anayetaka kupitisha shehena yake bandarini aongee na wakala wa forodha kabla ya kufunga magunia.

Makaa yaliyotoka pipani yatandaze wazi siku nzima, saa 24, kabla ya kuyasaga au kuyafunga, na yawe mbali na jengo. Ingiza mkono katikati ya rundo asubuhi: likiwa na joto kuliko hewa, livunje na ulitandaze. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi unatoka guniani ndani ya stoo, usilifungue humo. Kulifungua ni kulipa hewa. Toa watu, piga 999, na kama gunia ni moja na mlango uko karibu, livute nje ulimwagie maji mengi. Magunia mengi si kazi yako.

Kwenye kusaga, vaa barakoa, fungua milango, na pasiwe na sigara wala kuchomelea. Vumbi la makaa likitanda hewani laweza kuwaka kwa mpigo mmoja.

Mtu anaumwa kichwa karibu na jiko

Briketi zisizotoa moshi huuzwa kwa sifa hiyo, na ndipo hatari ilipo: gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hutoka hata moto ukiwa mwekundu safi bila moshi. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa ghafla, hasa ikiwa zaidi ya mmoja ndani ya chumba wanaumwa pamoja: watoeni nje wote, sasa hivi, kisha hospitali, hata wakisema wamepata nafuu. Usiingie kumtafuta mtu aliyezimia kabla hujafungua milango na madirisha. Kila gunia unalouza liandike kwa herufi kubwa kwamba jiko lisilale ndani na watu, wala lisiwekwe chumbani kwa mzazi na kichanga milango ikiwa imefungwa.

Kwa wanaotaka vipimo vya maabara ili wauze hotelini au madukani, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede na hushughulika na nishati ya miti, na KEBS, shirika la viwango, ndio wenye viwango. Nenda na sampuli tatu za siku tofauti, sio moja uliyoichagua.